Rejeta ya Upepo ya Malimi

Yassin Pazi alikuwa Mzaramo ambaye maishani mwake hakuwahi kupanda mnazi. Alizaliwa Mwanza, katika nyumba za reli, kwa baba aliyetoka Kisarawe kufuata kazi ya stesheni, na bahari aliijua kwa kusimuliwa tu. Lakini kabila ni kabila. Wasukuma walipojua kwamba yule fundi rejeta mwembamba wa Mabatini ni Mzaramo, walijua papo hapo kwamba wamepata mtani wa bure, na Yassin naye akajikuta ana watani wengi kuliko ndugu. Mzaramo akiishi Mwanza hana pa kujificha. Atatukanwa sokoni, atatukanwa msibani, atanyang'anywa muwa mkononi na mtu mzima mwenye mvi, na akikasirika yeye ndiye ataonekana hakulelewa.

Utani huo ni wa zamani za misafara, mababu wa Kisukuma na Kinyamwezi walipobeba mizigo kichwani hadi pwani na kulala katika vijiji vya Wazaramo. Waliokula pamoja na kuzikana njiani waliwaachia wajukuu wao ruhusa ya kusemana ovyo. Yassin aliipenda ruhusa hiyo. Alikuwa mtu wa aibu, asiyeweza kumwambia mteja kwamba kazi yake haijalipwa, lakini akiwa na mtani ulimi wake ulikuwa wembe.

Katika watani wote, aliyewazidi wenzake alikuwa Malimi, dereva, mwenyeji wa Buhongwa. Siku ya kwanza alileta rejeta inayovuja, akauliza fundi ni kabila gani, akajibiwa, basi hapo hapo akavuta kigoda, akanawa mikono na kuanza kula ugali wa Yassin bila kukaribishwa. Yassin akachukua kofia ya Malimi na kuifanya tambara la kufutia grisi. Urafiki ukaanzia hapo. Tangu siku hiyo Malimi alimwita Yassin "Mkwezi", naye akamwita Malimi "Mpagazi", na majina waliyopewa na wazazi wao yakawekwa kabatini. Mwanabaraka, mke wa Yassin, alimpikia Malimi kwa miaka kabla ya kulijua jina lake, na hata hivyo alilisikia kwa Kija, mke wa Malimi, siku walipokutana kwenye harusi.

Kazi ya rejeta Yassin alifundishwa na Mzee Josephat, mtu mkali aliyekuwa akimpiga kofi mwanafunzi kwa risasi ya kuchomelea iliyomwagika. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka ya vipuri yalikuwa na rafu tupu na kalenda ukutani. Rejeta ikitoboka hakukuwa na nyingine ya kununua. Ilifunguliwa, ikasuguliwa, ikachomelewa kwa risasi, kisha ikazamishwa kwenye pipa la maji na kupulizwa upepo, na mapovu yakamwonyesha fundi tundu lilipo. Yassin alikuwa na jicho la mapovu. Watu walitoka Magu na Geita kumtafuta.

Halafu soko likafunguliwa. Magari ya mitumba yakaanza kushuka kutoka Japani na Dubai, na rejeta zake zilikuwa na vichwa vya plastiki na tumbo la alumini, vitu ambavyo risasi haivishiki. Zikiharibika, watu walitupa na kununua nyingine. Kila mtu alisema sasa mambo ni mazuri, bidhaa zimejaa, na kweli zilijaa, lakini pipa la Yassin lilianza kuota ukungu. Alichukia. Alichukia plastiki kama mtu anavyochukia mke mwenza wa dada yake, chuki isiyomsaidia yeyote.

Miaka hiyohiyo sangara naye alikuwa amegeuka dhahabu. Viwanda vya minofu viliota ufukweni, na kila aliyekuwa na gurudumu alitaka kubeba samaki. Malimi, aliyekuwa ameendesha malori ya watu tangu ujana, alimshawishi mdogo wake Ndalahwa wauze ng'ombe wa urithi, wakanunua pikapu ya Kijapani yenye tabo. Akawa anachukua samaki kwenye mialo ya wavuvi ya upande wa Sengerema, anawafunika barafu, anakimbia hadi Busisi kuwahi kivuko, anavukia Kigongo, anapita Usagara na nyumbani kwake Buhongwa akipiga honi mkewe amsikie, anaingia mjini kiwandani. Tatizo lilikuwa vilima vya kule ng'ambo. Pikapu ikiwa na mzigo, jua likiwa kali, katikati ya kilima ilikuwa inaishiwa nguvu, mshale wa joto unapanda, na Malimi anasikia kivuko kikipiga honi ya kuondoka akiwa bado hajafika. Barafu haina subira. Mara kadhaa alifika kiwandani samaki wamelegea, mkaguzi akawabonyeza kwa kidole na kutikisa kichwa, wakaishia kwa akina mama wakaanga samaki.

Siku moja akaegesha pikapu mbele ya kibanda cha Yassin na kufungua boneti.

"Mkwezi, shuka mnazini, nina kazi."

"Tua mzigo kwanza, Mpagazi. Kichwa kimebonyea mpaka nakionea huruma."

"Nimeona gari la jamaa mmoja wa Geita. Lina rejeta ya pili mbele, lakini haina maji. Linapanda kilima kama halina kitu."

Yassin alijua anachosema. Ilikuwa intakula, ambayo mafundi waliiita rejeta ya upepo. Tabo huukandamiza upepo na kuusukuma kwenye injini, na kitu kikikandamizwa hupata moto. Upepo wa moto ni mwepesi, hauna shibe, injini inaumeza bila kuridhika na kichwa cha silinda kinachemka. Ukiupitisha kwanza kwenye rejeta iliyokaa mbele kabisa, inapopigwa na hewa ya njiani, unaingia umepoa na umeshiba. Pikapu ya Malimi ilitoka kiwandani bila kitu hicho. Yassin aliinama kwenye boneti, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaona mbele yake rejeta ambayo haiuzwi tayari dukani, inayomhitaji fundi. Furaha ilimpanda hadi kooni, akaificha kwa kumtukana Malimi kuhusu usafi wa injini.

Walikwenda pamoja Igoma, kwa wauza skrepa. Walikuta rejeta za upepo za aina mbalimbali zimelala kwenye majani. Malimi alirukia kubwa kuliko zote, ya lori, pana kama mlango.

"Hii!"

"Hiyo ni ya kulalia, si ya kufunga," Yassin alisema. "Tabo yako ndogo. Itapuliza mpaka ijaze tumbo lote hilo, wewe umeshakanyaga mafuta na gari bado linafikiria. Halafu itaziba rejeta ya maji nyuma yake, injini ichemke."

Kulikuwa na ndogo iliyotoka kwenye gari la kifahari, ya kukaa juu ya injini. Hiyo ilitaka boneti itobolewe, na isitoshe ingekuwa inakaa juu ya joto lilelile inalotakiwa kulikimbia. Yassin akaiacha. Akachagua ya katikati, iliyotoka kwenye kilori kilichogongwa ubavuni. Aliishika dhidi ya jua akatazama mapezi yake, akainusa mdomo, akaingiza kidole na kukitoa na mafuta meusi. Mafuta yanaoshwa. Alichoogopa ni ufa. Waliporudi kibandani aliziba mdomo mmoja, akaizamisha kwenye pipa na kuipuliza kwa mwingine. Maji yalitulia. Hata povu moja halikutoka, na Yassin akalitazama pipa lake kwa upendo.

Kazi ile aliifanya kwa siku kadhaa, na niseme wazi, aliifanya vizuri. Watu hupenda kusikia kwamba fundi alilipua kazi, hadithi ipate kuwa rahisi. Hakulipua. Aliosha rejeta ndani kwa petroli hadi petroli ikatoka safi. Aliikalisha mbele ya rejeta ya maji na kuacha nafasi ya vidole katikati, hewa ipite. Alichukua bomba la ekzosi, akalijaza mchanga, akalipasha moto na kulikunja taratibu lisipondeke, na kwenye ncha zake akachomelea ukingo mdogo ili mipira isichomoke tabo ikipuliza. Alikataa kufunga kwa vipande vya tyubu, ingawa Mwanza nzima ilikuwa imefungwa kwa vipande vya tyubu, akamtuma Malimi atafute mipira yenye nyuzi na klipu za chuma. Pembeni akaweka mabati membamba ya kuongoza hewa. Alikumbuka hata wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi na kuganda kwenye sho, uso wa mbele wa gari, hadi izibe.

"Kila jioni uioshe kwa maji kutokea nyuma," alimwambia. "Ikiziba, utakuwa umefunga sahani tu."

Kisha wakapakia viroba vya mchanga na kwenda kuijaribu, kutoka Mabatini, Buhongwa, Usagara, wakashika njia ya Kigongo. Kwenye kilima Malimi alikanyaga mafuta na pikapu ikaondoka. Haikukohoa, haikulegea, ilipanda na mchanga wake wote na mshale wa joto ukabaki chini. Malimi alipiga usukani kwa kiganja na kupiga vigelegele kama mwanamke. Yassin alicheka mpaka machozi yakamtoka, maana alikuwa amefanya kitu ambacho hata Mzee Josephat hakuwahi kukifanya.

Upande wa pili, kwenye mteremko, kundi la ng'ombe lilikuwa linakatiza barabara. Malimi akakanyaga breki. Pedali ilizama zaidi ya ilivyopaswa, gari likaendelea kusukumwa na mzigo wake, likasimama karibu kabisa na mkia wa ng'ombe wa mwisho. Ndani ya gari kukanuka pedi zilizoungua. Malimi alisalimiana na mchungaji kwa Kisukuma kama kawaida. Yassin alikuwa ameshika ubao wa mbele kwa mikono miwili, na furaha yote ilikuwa imemtoka. Aliona alichokifanya. Gari alilipa kifua kipya, na miguu ikabaki ileile. Zamani kilima kilikuwa kinampunguza Malimi mwendo, apende asipende. Sasa hakuna cha kumpunguza isipokuwa breki zile, zilizotengenezwa kwa ajili ya gari dhaifu.

"Mpagazi," alisema, "utakufa na gari hili."

Malimi akacheka kwa nguvu. "Na nani atakulisha, Mkwezi? Mimi nitakuzika wewe, na juu ya kaburi nitapanda nazi."

"Breki hazikamati."

"Zimeona Mzaramo ndani, zimeona haya."

Yassin naye akajibu kitu, hakumbuki nini, kitu cha kuchekesha. Jibu lilimtoka lenyewe, kama mguu unavyoruka ukigongwa gotini.

Siku chache baadaye Malimi alipita kibandani, uso umeng'aa. Alikuwa anawahi kivuko kila siku. Mkaguzi wa kiwanda alikuwa ameanza kumwita bosi. Yassin alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Alikuwa ameulizia breki za pikapu nzito zaidi, na aliyekuwa nazo alisema zitapatikana, ila gari litalazimika kulala hadi zifungwe. Alimshika Malimi mkono.

"Nisikilize. Sitanii."

Hapo Malimi ndipo alipoangua kicheko mpaka akakalia tairi. Na ukiwafahamu watani utamwelewa. "Sitanii" ndilo neno linalofungua matusi makubwa kuliko yote. Hakuna mtani aliyewahi kusema "sitanii" ikawa kweli. Malimi mwenyewe aliwahi kumwambia Yassin, kwa uso uliokunjamana na sauti ya msiba, "Mkwezi, sitanii, mama yako ameonekana Kirumba anauza madafu," wakati mama yake Yassin amelala nyumbani na baridi yabisi.

"Lilaze gari, tubadilishe breki," Yassin alisema.

"Bhebhe, wewe Mkwezi! Nililaze, samaki uwabebe wewe? Kwa shingo hiyo?" Akatwaa andazi la Yassin juu ya benchi, akapanda gari na kuondoka akitafuna.

Nyumbani Mwanabaraka aliona mumewe hagusi chakula. Akamuuliza, akaambiwa.

"Basi mwambie mwenzio."

"Nimemwambia."

"Umemwambia, au umemtania?"

Jumapili Yassin akavaa shati la kutokea na kwenda Buhongwa, makusudi, akiwa ameyapanga maneno tangu stendi. Aliingia uani akamkuta Kija anapukuchua karanga na Malimi amelala kwenye kivuli cha ghala, kofia usoni. Malimi hakufunua hata kofia. "Nimenusa nazi," alisema. "Kija, ficha chakula." Kija akacheka, Yassin akacheka. Maneno aliyoyapanga yakasimama mlangoni pa kinywa chake, na yalipotoka yalikuwa yamevaa nguo nyingine. "Shemeji, mwambie Mpagazi huyu apunguze mwendo. Akifa nitakurithi, na mimi sina pa kukuweka." Kija akamrushia maganda ya karanga. Malimi akasema mtu wa kurithi mke wake ni lazima aweze kufuga ng'ombe, siyo kupanda miti. Wakala, wakasemana, jua likashuka, na Yassin alipoondoka alijichukulia kuku uani kama desturi, huku Malimi akipiga kelele za mwizi hadi majirani wakatoka kucheka.

Mwanabaraka alimpokea mlangoni. Alimtazama kuku, akamtazama mumewe, akachukua kuku na kuingia naye jikoni. Yassin akajiambia atakwenda tena. Akajiambia wiki ijayo gari litakuja kuoshwa rejeta, atachomoa hata waya mmoja lisiwake. Akawaza mengi ya namna hiyo, mengi yakiwa mazuri.

Haikufika wiki ijayo. Siku moja mchana, dereva wa lori la mchanga alisimama Mabatini bila kuzima injini, akamwita fundi rejeta, akamwambia aende Buhongwa. Yassin aliuliza kuna nini, naye akasema, "We nenda tu," na kwa jinsi alivyokwepa macho, Yassin akajua.

Malimi alikuwa anashuka kuelekea kivukoni Busisi na mzigo kamili. Kivuko kilikuwa kimeanza kupakia. Walioona walisema alikuja kwa mwendo mkali, wakaona taa nyekundu za nyuma zikiwaka, zikazima, zikawaka tena, yaani alikuwa anapampu breki, na gari halikusikia. Mbele yake kulikuwa na foleni, na mwishoni mwa foleni lori refu lenye bodi ya juu. Pikapu iliingia chini ya bodi hiyo. Hakuna mwingine aliyeumia. Samaki na barafu vilimwagika barabarani, na watu walisema barafu ilikuwa bado nzima, haijaanza hata kuyeyuka.

Msibani Buhongwa wazee walirudia neno moja: sikio la kufa halisikii dawa. Ndugu walikuwa wamesikia kwamba Malimi alionywa juu ya mwendo, mwenyewe alisimulia. Yassin alikaa kwenye gogo na kulisikia neno hilo likipita kutoka mdomo hadi mdomo, na kila lilipopita lilimchoma. Dawa ipi? Aliyepewa dawa hiyo alipewa imefungwa kwenye kicheko, atajuaje kama ni dawa? Mzaha mzaha hutumbua usaha, ndivyo wanavyosema, na usaha huu ulikuwa wake.

Siku ya mazishi kaburi lilipokamilika, sauti ikatoka kwa wachimbaji: "Mtani yuko wapi? Mzaramo yuko wapi?" Kwa maana msiba wa Msukuma hauwezi kwisha mpaka mtani afanye kazi yake. Hushuka kaburini, hulala humo, humtukana marehemu, hukataa kutoka hadi apewe kitu. Watu wanahitaji mtu wa kuwafungua kifua. Yassin alisukumwa mbele kwa mikono mingi. Aliona hana pa kukimbilia, akashuka.

Akalala chali juu ya udongo wenye ubaridi na kuona vichwa vya watu vimezunguka ukingo. "Mpagazi," akaanza, "umebeba mizigo ya watu maisha yako yote. Leo mzigo ni wewe, na ni mzito, na hatuoni mtu wa kuupokea." Vicheko vya kwanza vikasikika, vya wazee, vya chini. Ndipo kitu kikakatika ndani yake. Akaona hapa, mbele ya wote, ndipo pa kusema ukweli, akae nao mpaka lini?

"Jamani, mimi ndiye niliyemuua huyu," alisema. "Mimi. Nilimpa gari mbio, sikumpa breki. Nilijua. Nilijua nikanyamaza nikala karanga zake. Nikaiba na kuku!"

Watu wakavunjika mbavu. Wanaume walishikana mabega. "Mzaramo huyu!" mmoja alipaza sauti. "Muuaji! Mfukieni humohumo!" Yassin alinyanyuka akakaa, machozi yakimtiririka, na kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka, kwa kuwa mtani hodari huwa analia hivyohivyo. "Haki ya Mungu, nasema kweli," alisema, na hilo likawamaliza kabisa.

Akamtafuta Kija kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, Kija ambaye tangu maiti iletwe hakula, hakusema, wala hakulia. Alikuwa amejifunika kanga mdomoni na mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka. Kisha kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa kilichokuwa kimekwama, na wanawake wakamkumbatia na kusema afadhali, afadhali sasa. Yassin akaona hilo. Akafuta uso kwa kiganja chenye udongo na kupaza sauti kwamba hatoki kaburini mpaka alipwe. Wakampa kuku.

Matanga yalipokwisha anuliwa, Kija alikuja Mabatini akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Hakusema "mtani". Alisema, "Hodi, baba Safia," kwa jina la binti yake mkubwa, na Yassin akasimama kama aliyeitwa na serikali.

"Marehemu alinisimulia yale ya breki," Kija alisema. "Alicheka sana siku hiyo. Alisema Mkwezi anaogopa gari kama bibi kizee. Na wewe mwenyewe ulikuja nyumbani, ukasema, nikakurushia maganda. Nataka kujua kitu kimoja. Ulikuwa unatania?"

Yassin angeweza kusema ndiyo. Jibu hilo lingemwachia mjane mume asiyekaidi onyo lolote, na yeye lingemwachia lawama nyepesi kidogo. Alilitazama pipa lake.

"Sikuwa natania, mama Paulo. Si siku hiyo, si siku nyingine. Nilishindwa namna ya kusema."

Kija hakukasirika, na Yassin angependelea akasirike.

"Ungemwita jina lake," alisema. "Basi. Ungesema Malimi. Angeshtuka, angekaa chini, angekusikiliza. Hukuwahi kumwita jina lake hata siku moja."

Akaaga na kuondoka. Yassin alibaki amesimama pale, na kazi iliyokuwa mezani hakuigusa tena hadi jioni. Alijaribu kulitamka jina lile peke yake, na lilikuwa geni mdomoni mwake. Mwanabaraka alipomletea chakula alimkuta bado analitamka, taratibu, kama anayejifunza lugha.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Ndalahwa alipokuja, yule mdogo wake Malimi. Pikapu ilikuwa imevutwa na lori nyuma yake. Ilikuwa imepoteza kichwa chote cha juu, lakini kwa kuwa iliingia chini ya bodi, injini na sehemu ya chini ya mbele vilipona. Ndalahwa alikuwa amepata kichwa kingine cha kuivisha. Ng'ombe wa urithi walikuwa wamo ndani ya chuma kile, na samaki bado walikuwa wanavuliwa. Mkononi alishika rejeta ya upepo, imepinda pembe moja tu. Aliinyanyua juu kama mtoto mchanga, akatabasamu, tabasamu la kaka yake.

"Mkwezi! Mwanao amepona, nimekuletea. Ninyooshee hapa, ufunge, na mimi niruke. Au umeshapanda mnazi huonekani?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Yassin. Lilikuwa jibu zuri, linalohusu wapagazi na vichwa vya kubadilisha, na Ndalahwa angelicheka mpaka kesho. Yassin alilimeza. Lilipita kooni kama mfupa wa samaki.

"Ndalahwa," alisema.

Ndalahwa aligeuka akatazama nyuma, kana kwamba kuna mtu mwingine kaitwa. Aliporudisha uso, tabasamu lilikuwa linaondoka.

"Ndalahwa, breki kwanza. Gari hili halitoki hapa kabla ya breki. Na kama hutaki, lipeleke kwa fundi mwingine, ila rejeta hiyo iache hapa niikate."

Mvua ilikuwa inagonga mabati. Ndalahwa aliiweka rejeta chini kando ya pipa, akavuta kigoda kilekile ambacho kaka yake alikuwa akikivuta bila kukaribishwa, akakaa, akaunganisha mikono magotini kama mtu aliye mbele ya mzee.

"Nakusikiliza, kaka Yassin," alisema.

Hakuna mtu wa nyumba ya Malimi aliyewahi kumwita Yassin kwa jina lake, na baada ya siku hiyo hakuna aliyemwita tena Mkwezi. Alichukua spana, akalala chali chini ya pikapu, upande wa magurudumu ya mbele, akaanza kumweleza Ndalahwa habari za breki akiwa amejificha humo, ili anayesikiliza asimwone uso.